Kizimba cha Visivyoulizwa

Kwenye bohari ya dawa alikofanya kazi walimwita Bi Hakuna, na jina lenyewe halikuwa la kumsingizia. Yeye ndiye aliyekaa kwenye dirisha la maagizo, yeye ndiye aliyepokea simu za hospitali na zahanati, na kwa kuwa bohari zote zina tabia ya kuishiwa na kile kile unachokitaka, neno lililomtoka mara nyingi kuliko salamu lilikuwa hilo. Glavu? Hakuna. Dripu? Hakuna, labda wiki ijayo. Aliyembandika jina alikuwa dereva wa foklifti, mtu aliyeitwa Taratibu kwa sababu kwenda taratibu hakujui. Kila asubuhi alipita dirishani na kuuliza, "Bi Hakuna, chai ipo?" Naye humjibu bila kuinua uso, "Hakuna." Wakacheka. Huo ndio uliokuwa mzaha wake wa siku, na siku nyingine ndiyo yaliyokuwa maongezi yake yote.

Nisikufiche, alikuwa mpweke. Si upweke wa kujitupa kitandani na kulia. Ni ule wa kununua kitunguu kimoja sokoni na muuzaji akakuuliza, "Kimoja tu?" Ni ule wa kusema "ehe" peke yako chumbani ukimjibu mtangazaji wa redio. Alikuwa amepanga chumba na sebule karibu na bohari, ghorofa ya juu kabisa, na viti vya sebuleni alivinunua vinne, vitatu bado vina nailoni ya dukani. Mama yake alishafariki. Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa nchi nyingine, na undugu wao ulikuwa umebaki kuwa picha ya maua kila Jumatatu asubuhi, ile ile anayowatumia watu wote waliomo kwenye simu yake.

Na alikuwa na baba. Baba yake alikuwa fundi cherehani, tena si fundi wa kubahatisha. Wewe na mimi mafundi tunawajua. Unampelekea kitambaa mapema kabisa, anakupima kwa mbwembwe, na siku ya harusi yenyewe unamkuta amekaa mlangoni anakwambia njoo kesho. Basi mzee huyu maisha yake yote hakuwahi kumwambia mteja njoo kesho. Akisema Alhamisi, ni Alhamisi, na nguo umeikuta imepigwa pasi na kukunjwa. Mafundi wenzake walimnunia kwa hilo, wakisema anawaharibia soko. Sasa macho yalikuwa yamepungua, duka amelifunga, na cherehani ameihamishia sebuleni kwake, upande wa pili wa mji, ambako huwatilia majirani viraka na zipu. Bi Hakuna alimtembelea kila mwisho wa mwezi na mfuko wa unga, sukari na sabuni. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akauliza hali, akajibiwa nzuri, akaaga. Alijiona binti mwema, na watu wengi wangekubaliana naye.

Mwaka huo aliomba kusoma shahada ya uzamili ya ugavi, ile elimu ya kuhakikisha kitu kinatoka kinakotengenezwa mpaka kumfikia anayekihitaji, kikiwa kizima na kwa wakati. Aliomba vyuo viwili, akidhani akipata kimoja ashukuru. Vikamkubali vyote viwili, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Chuo cha kwanza kilikuwa mbali, nchi ya baridi. Kusoma kutwa nzima, miaka miwili, bweni, ufadhili kamili, na walimu waliobobea kwenye ugavi wa dawa. Cha pili kilikuwa hapa hapa mjini, madarasa ya Jumamosi na Jumapili, miaka mitatu, huku unaendelea na kazi yako na kulala kitandani kwako. Vyote vilitaka jibu kabla ya Jumatatu ya wiki iliyokuwa ikifuata.

Akaanza kutafuta ushauri. Bosi wake alimwambia achukue cha wikiendi, bila hata kuuliza kinafundisha nini, maana yeye aliwaza ripoti zake. Taratibu alimwambia aende mbali. "Hapa utaota vumbi, dada. Vitu vikikaa hapa unaviona vinavyokuwa." Kwa dada yake aliandika ujumbe mrefu, akamweleza chuo cha kwanza, akamweleza cha pili, akamuuliza aende kipi. Dada akamjibu kwa kidole gumba. Kidole gumba cha kipi, hakusema.

Ikabidi afanye kama anavyofanya akilinganisha wauzaji wa mabomba ya sindano. Akachora jedwali, akaweka vigezo vyake: ubora, muda, gharama, hatari. Cha mbali kikashinda kwa ubora, cha mjini kikashinda kwa hatari, kimoja kikapanda hapa, kingine kule, na mwisho vikalingana. Akaongeza kigezo cha hali ya hewa. Vikalingana tena, sijui alivyofanya. Ndipo akaweka kalamu chini na kujiuliza swali alilokuwa akilikwepa tangu mwanzo. Mimi nikiondoka hapa, yuko atakayepungukiwa?

Sasa hapa lazima nikueleze kuhusu kizimba. Nyuma kabisa ya bohari, baada ya rafu ya mwisho, palikuwa na kizimba cha waya chenye kufuli. Kitu kikikaa rafuni muda mrefu bila kuagizwa, hawakukifuta moja kwa moja kwenye kompyuta. Walikitoa rafuni, wakakifungia kizimbani, wakanyamaza. Hawakumtangazia mtu. Walisubiri tu waone nani atauliza kiko wapi. Akitokea wa kuuliza, kilirudi rafuni kwa heshima zote. Asipotokea hata mmoja mpaka robo ya mwaka iishe, basi, hakina mwenyewe, kinafutwa na nafasi yake inapewa kingine. Kanuni hiyo aliibuni Bi Hakuna. Wakaguzi waliisifu, bosi aliisimulia mikutanoni kana kwamba ni yake, na hata vyuo vile viwili, kama unaniuliza mimi, vilimkubali kwa sababu aliieleza vizuri kwenye maombi.

Mwalimu asingewaza alichowaza yeye. Mpishi asingewaza, wala askari. Lakini mtu aliyezoea bohari huona kila kitu ni cha kupanga rafuni, na yeye akaamua kujitia kizimbani mwenyewe. Akaomba likizo ya wiki. Hatampigia mtu, hatamwandikia mtu, hatatokea popote. Akipatikana wa kuuliza yuko wapi, huyo ndiye sababu ya kubaki, na atachukua chuo cha wikiendi. Asipopatikana, anakwenda zake mbali. Aliona ni njia safi, isiyo na upendeleo. Hakuona ubaya wowote ndani yake.

Siku ya kwanza aliifurahia. Alilala mpaka jua likamfikia kitandani, akafua mapazia, akasugua sufuria mpaka zikajuta. Simu aliiweka mezani, akawa anaipitia kila mara kama mtu aliyebandika maziwa. Jioni akaihamishia jikoni ili aisikie vizuri zaidi. Ilikuwa kimya.

Wa kwanza kupiga alikuwa mtu wa kampuni ya simu, akimpongeza kwa kuchaguliwa kujiunga na huduma ya nyimbo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, ndiko alikokuwa amefikia. Halafu bosi akamwandikia kuuliza ripoti iko kwenye faili gani. Akamjibu. Bosi akajibu "Sawa," na hapo pakafungwa. Jirani wa mlango wa pili alimkuta ngazini na kushangaa. "Leo hujaenda kazini?" Moyo wa Bi Hakuna ukaruka. Huyu ameniuliza, alijisemea, huyu ameona sipo nilipopaswa kuwa. Akamwambia yuko likizo. "Afadhali," jirani akasema, "basi nitakuachia ufunguo umpokee fundi bomba."

Aliyemngoja kuliko wote alikuwa baba. Zamani mzee alikuwa akipiga karibu kila jioni, na sasa alipojaribu kukumbuka aliacha lini, hakukumbuka. Wazee huzoea, alijiambia. Ana cherehani yake, ana majirani, ana redio. Jumamosi alishindwa. Akaishika simu, kidole kikafika kwenye jina la baba, akakiondoa. Kanuni ni kanuni, na kilichomo kizimbani hakijiulizii chenyewe. Akaiweka simu chini, akalia, kisha akaosha uso na kupika wali mwingi kupita kiasi, maana wali wa mtu mmoja hakuwahi kujua kuupima.

Jumapili mchana akakubali kwamba jibu amelipata. Hakuna aliyeuliza. Iliuma, lakini pia ilimpa wepesi fulani wa kutisha, kama kutoka dukani na kugundua hujaacha kitu. Akafungua kompyuta, akaandikia chuo cha mbali kwamba anakuja. Akakiandikia cha mjini kwamba anashukuru ila hataweza. Cha mjini kilijibu kabla hajafunga kompyuta. Tunashukuru kwa kutujulisha, nafasi yako tayari amepewa mwombaji mwingine. Ile "tayari" ilimchoma. Hata kule walikuwa na mtu mlangoni.

Kesho yake asubuhi, likizo ikiwa haijaisha, simu ililia, na aliyepiga alikuwa Taratibu.

"Bi Hakuna, ufunguo wa kizimba umekwenda nao wapi? Robo imeisha, tunatoa vya kufutwa."

Akautafuta mkobani, akaukuta. Alikuwa ameondoka nao bila kujua. Akavaa viatu, akaupeleka mwenyewe, na akilini akajiona kama mtu anayerudisha funguo za nyumba aliyohama.

Kwenye ukumbi wa kupakilia alimkuta mkunga wa zahanati moja ya mbali, mama wa makamo mwenye sweta ya kijani, amekaa juu ya kreti tupu akisubiri mzigo wake. Mama huyu sauti yake aliijua kwa simu, sura ndiyo kwanza aione. Wakasalimiana. Taratibu akafungua kizimba, akaanza kutoa maboksi na foklifti, moja moja, akiyapanga karibu na geti. Mkunga alikuwa akiyatazama kwa uvivu tu wa mtu anayesubiri, mpaka likaja moja akainuka kulisogelea.

"Hii si ile mirija midogo?" akauliza. "Ya kuwalishia watoto njiti?"

"Ndiyo, mama," Bi Hakuna akamjibu. "Inaondolewa. Haina mwagizaji."

"Haina mwagizaji? Mbona mimi niliagiza."

"Mwaka huu hukuagiza. Ungeagiza ningeona."

"Mwaka huu sikuagiza, kweli," mkunga akakubali. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Niliagiza mwaka juzi, ukaniambia hakuna. Mwaka jana nikaagiza tena, nikapiga na simu, ukaniambia hakuna. Nikaona nakusumbua tu, mwanangu. Nikaacha. Siku hizi tunatumia kijiko."

"Kijiko gani?"

"Cha chai. Tone moja moja, unasubiri ameze. Wapo wanaoweza kumeza." Habari za wasioweza hakuzisema. Akaupitisha mkono juu ya boksi kuondoa vumbi. "Naweza kuchukua boksi moja?"

"Chukua yote, mama," Bi Hakuna akasema. "Taratibu, mpakilie yote." Na Taratibu akayabeba maboksi. Aliendesha foklifti ile taratibu kweli.

Mirija ilikuwa imefika miezi mingi nyuma, maboksi kwa maboksi. Ikakaa rafuni. Kompyuta ikaonyesha sifuri, mwezi baada ya mwezi, na Bi Hakuna akaiamini sifuri ile akaifungia mirija kizimbani. Kumbe haikuwa sifuri ya watu wasiohitaji. Ilikuwa ya watu waliochoka kuambiwa hakuna. Alisimama pale getini na ufunguo mkononi, akijiona mjinga mbele ya kazi yake mwenyewe, na katikati ya aibu hiyo akamkumbuka baba.

Akakumbuka vizuri sasa. Simu zile za jioni zilikuwa zinamkuta dirishani, sikio moja kwa mteja, mkono mmoja kwenye kibodi. "Baba, niko kwenye mzigo, nitakupigia." "Sawa, mama, fanya kazi." Na hakumpigia. Kesho yake, "Baba, niko na wakaguzi, nitakupigia." "Sawa, mama." Hakuna siku mzee aliyolalamika. Alipunguza tu, mara moja kwa wiki, mara moja kwa mwezi, kisha akaacha. Bi Hakuna hakurudi nyumbani. Alivuka mji moja kwa moja.

Alimkuta sebuleni, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa, anatia zipu kwenye suruali ya shule ya mtoto wa jirani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Leo mwisho wa mwezi?" Akatazama mikono yake mitupu, akaona amekosea. "Kaa, kaa."

Akakaa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mkoba akauweka chini. Ajabu ilivyo, hakujua aanzie wapi. Mtu wa bohari anajua kuuliza boksi liko wapi, hajui kuuliza haya mengine.

"Baba, mbona siku hizi hunipigii?"

"Nilikuwa nakupigia," mzee akasema akiendelea kushona. "Ulikuwa na kazi. Nikaona nisiwe mzigo juu ya mizigo yako." Akakata uzi kwa meno. "Halafu simu nayo ilinichezea. Ilikaa kimya sana, nikadhani imekufa. Nikaipeleka kwa fundi simu pale kona. Akaifungua, akaipuliza, akasema, mzee, mbona nzima? Akanipigia pale pale, ikalia." Akacheka kwa dhati, kama mtu anayesimulia kituko cha mtu mwingine. "Ina mlio mzuri kumbe. Nilikuwa nimeusahau."

Bi Hakuna alitaka kucheka naye akashindwa. Akamweleza yote bila mpangilio, chuo cha mbali, chuo cha hapa, wiki aliyojifungia, majibu aliyokwisha kuyatuma. Mzee alisikiliza, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani.

"Kwa hiyo ulikuwa unasubiri nikuulize," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nasubiri umalize kazi."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye saruji.

"Naweza kuwaandikia tena, baba. Niwaambie siendi. Cha hapa nafasi imekwenda, lakini nitabaki tu."

"Uwaambie nini? Kwamba baba yako ana simu nzima?" Akaivua miwani, akaifuta kwa shati. "Utakwenda usome. Nimeshona sare za watoto wa mji mzima, halafu wangu aache shule kwa ajili yangu? Huko ni baridi?"

"Baridi sana, wanasema."

"Simama."

Akaivuta tepu shingoni, ile ile ya njano iliyofutika namba. Akampima mabega, akampima mgongo, akampima mkono kutoka begani mpaka kifundoni. Bi Hakuna alisimama wima kama alivyokuwa akisimama utotoni usiku wa kuamkia shule kufunguliwa, na akatambua kwamba hakumbuki mara ya mwisho mtu alipomshika mabega. Alijizuia asiegemee. "Umepungua," mzee akasema nyuma yake. Hakuandika kipimo popote, hakuwahi kuandika. Kisha akafungua sanduku, akatoa kitambaa kizito cha kijivu alichokiweka miaka akisema atajishonea koti mwenyewe.

"Litakuwa tayari lini?" Bi Hakuna akauliza. Alijua atatajiwa siku, na siku hiyo itakuwa kweli.

Mzee akakunjua kitambaa mezani, akakilaza kwa kiganja, akakilaza tena.

"Njoo kesho," akasema.

Akaja kesho. Koti lilikuwa limekatwa tu. Kesho kutwa akaja, ikawa upande mmoja umeshikizwa, na inabidi ajaribu, avue, ajaribu tena. Mchana aliutumia boharini kuzipigia zahanati simu, kila moja iliyowahi kuambiwa hakuna, akiwauliza kama bado wanahitaji, na Taratibu akimsaidia kutafuta namba. Jioni alikuwa kwa baba, kama mteja yeyote msumbufu. Walikuwa wakizungumza kuhusu bitana, kuhusu kola, kuhusu mama yake aliyekuwa hapendi kola kubwa. Siku nyingine hawakuzungumza, cherehani ilizungumza, naye akakaa anashika ncha ya kitambaa. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilimuumiza, kwa sababu alijua ingeweza kuwepo miaka yote ile, umbali wa nauli moja tu.

Siku moja kabla ya safari koti lilikuwa limekamilika. Lilikuwa limepigwa pasi na kukunjwa, zuri kuliko lolote dukani. Vifungo tu ndivyo havikuwepo.

"Vifungo hakuna," mzee akasema.

Bi Hakuna akainua macho. Kwenye rafu juu ya cherehani palikuwa na lile kopo la maziwa la tangu utoto wake, limejaa vifungo mpaka mfuniko haufungi, na vile vikubwa vya kijivu vilionekana juu kabisa, vimekwisha kuchambuliwa na kuwekwa pamoja. Yeye kazi yake ni kutazama rafu. Aliviona, na mzee aliona kwamba ameviona.

"Njoo kesho," mzee akasema.

"Kesho nasafiri, baba."

"Najua."

Akalichukua koti hivyo hivyo bila vifungo, akalikumbatia, na hakuligusa lile kopo.

Chuo cha mbali kilikuwa kama walivyosema, walimu wazuri, vyumba vyenye joto, na nje baridi ya kukata masikio. Upweke nao aliukuta umeshafika kabla yake, unamsubiri bwenini. Kwenye chumba chake palikuwa na kiti kimoja. Watu walimsalimia kwa upole wakapita. Alitembea amefumbata koti kifuani kwa mkono mmoja, na wenzake waliomuuliza kwa nini asiende kununua vifungo aliwaambia vipo, viko nyumbani.

Siku moja mwalimu alikuwa anafundisha jinsi ya kukadiria mahitaji kwa kuangalia maagizo yaliyopita, na amechora ubaoni mstari unaoshuka polepole mpaka kwenye sifuri. Simu ya Bi Hakuna ikalia. Darasa zima likageuka. Akainuka, akachukua koti, akatoka na simu nje kwenye ukumbi ulio baridi ikiwa bado inalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Uko kwenye mzigo?"

"Hapana, baba. Sina kazi yoyote."

Alimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake redio ikiwa inazungumza peke yake sebuleni.

"Nimekupigia habari za vifungo," mzee akasema.

"Vimepatikana?"

"Hakuna bado. Njoo kesho."

"Nitakuja, baba," akasema, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akilishika koti lisifunguke. "Niambie, leo umeshona nini?"